Sheria Kazini: "Tukigoma Ijumaa, Jumatatu Tutakuwa na Kazi?"

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Ninakata minofu ya sangara katika kiwanda kimojawapo hapa Ilemela. Huu ni mwezi wa tatu hatulipwi saa za ziada, ingawa samaki wakiwa wengi zamu inayopaswa kuisha saa kumi jioni huendelea hadi saa moja usiku. Tumeomba pia nyongeza ya mshahara tangu mwaka jana, na jibu ni lile lile kwamba soko la nje limeshuka. Wenzangu wamekubaliana kwamba Ijumaa tusivae gambuti wala kushika kisu mpaka meneja atoke kutusikiliza. Nina watoto wanaosoma na ninaogopa kufukuzwa. Je, sheria inatulinda?
Mkata minofu, Ilemela

JIBU: Ndugu yangu, kwa namna mlivyojipanga, haitawalinda, lakini madai yenu yote mawili yana njia, na kila moja lina njia yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kugoma katika mgogoro wa maslahi tu, yaani pale anapodai kitu ambacho bado hakimo katika sheria wala katika mkataba wake. Nyongeza ya mshahara ni dai la namna hiyo. Malipo ya saa za ziada sivyo, kwa kuwa sheria imekwisha kuamua kwamba kila saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, na hivyo fedha hizo ni deni ambalo tayari mwajiri wenu anadaiwa. Deni halidaiwi kwa mgomo. Hudaiwa kwa kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi hapa Mwanza, kwa kujaza fomu namba moja ya Tume ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoibuka. Msikae mkihesabu miezi, na kila mmoja aanze leo kuandika katika daftari tarehe, saa aliyoingia na saa aliyotoka, kwa sababu mbele ya mwamuzi daftari lililoandikwa siku kwa siku lina uzito kuliko kumbukumbu za kichwani.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo migomo mingi ya viwandani inapoharibika. Wafanyakazi hukusanya machungu yao yote katika karatasi moja, haki na maslahi pamoja, kisha mwajiri anakimbilia Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuomba zuio, na lile dai moja lisilostahili mgomo linampa hoja ya kuangusha na mengine.

Sasa tubaki na nyongeza ya mshahara. Mgogoro huo nao lazima ufikishwe kwanza Tume kwa usuluhishi, na msuluhishi ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha, labda ninyi na mwajiri mkubaliane kumwongezea muda. Siku hizo zikiisha bila mwafaka, na ikiwa mgomo unaitishwa na chama cha wafanyakazi, chama hicho kinapaswa kupigisha kura kwa mujibu wa katiba yake na kupata wingi wa waliopiga kura. Kisha mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Wasio na chama pia wanaweza kugoma baada ya usuluhishi kushindikana na notisi kutolewa, ila nisingewashauri kwenda peke yenu wakati viwanda vina chama chake, TUICO. Andikeni notisi, mpeni mwajiri, na nakala yenu isainiwe na kugongwa muhuri wa mapokezi. Meneja akikataa kuipokea, itumeni kwa njia nyingine inayoacha ushahidi.

Mkifuata njia hiyo, kushiriki kwenu si uvunjaji wa mkataba, na mwajiri haruhusiwi kumwachisha mtu kazi kwa sababu aligoma. Mshahara wa siku za mgomo, hata hivyo, halazimiki kuulipa, na jambo hili lisemwe wazi kabla ya kura, si baada. Michango ya hifadhi ya jamii anapaswa kuendelea kuipeleka, ingawa anaweza kukata sehemu yenu mtakaporudi. Anayekaa nyumba ya kiwanda hatolewi kwa sababu ya mgomo.

Wakati wa mgomo msimfungie meneja ndani wala kumzuia kuingia, na msisimame langoni kuwashinikiza wenzenu wanaoingia kazini. Mimi naona katazo hili la mwisho limekaza mno, lakini ndilo lililoandikwa. Na wale wanaofikiri kwamba kukata minofu polepole si kugoma wasijidanganye: sheria inahesabu pia usimamishaji wa sehemu ya kazi.

SWALI: Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali binafsi wilayani Sengerema. Je, nasi tunaweza kugoma tukifuata hatua hizo?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Kwa kawaida hapana. Huduma za afya pamoja na maabara zake zimo katika orodha ya huduma muhimu, sawa na maji, umeme na zimamoto. Mlango mmoja umeachwa wazi, nao ni makubaliano ya pamoja yanayoweka huduma za kiwango cha chini wakati wa mgomo, yakiwa yameidhinishwa na Kamati ya Huduma Muhimu. Bila hayo, usuluhishi ukishindikana mgogoro wenu unakwenda kwa mwamuzi. Wenzenu wa serikalini wana sheria yao, kwa hiyo msiige hatua zao.

SWALI: Nasimamia kiwanda cha barafu Igogo. Vijana wakigoma, je, naruhusiwa kuleta vibarua wa kutwa? Na wakigoma kinyume cha sheria, niwafukuze siku hiyo hiyo?
Msimamizi, Igogo

JIBU: Katika mgomo halali huruhusiwi kuleta watu wa kushika nafasi za waliogoma. Mgomo usio halali ni utovu wa nidhamu, lakini Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 hazikupi ruhusa ya kufukuza papo hapo. Wasiliana kwanza na viongozi wa chama chao, kisha toa onyo lenye maneno yasiyo na utata, likieleza warudi kazini lini na nini kitafuata wasiporudi, na uwape muda wa kutosha kulitafakari. Pima pia kama kuna jambo lililowachokoza. Usipofanya hivyo, uliyemfukuza ana siku 30 za kufungua shauri Tume, na huko utaulizwa onyo hilo lilitolewa saa ngapi na nani aliyelipokea.