Sally Wainwright hakuibuka jana

Ndugu yangu, unasema Sally Wainwright, mwandishi Mwingereza wa tamthilia za televisheni, aliibuka ghafla na Happy Valley, tamthilia ya polisi ya mwaka 2014; hapana, hakuibuka hivyo. Mwanzoni aliendesha basi kutafuta riziki huku akiandika, akaingia The Archers, mchezo wa redio wa BBC, kisha Coronation Street, tamthilia ndefu ya televisheni, kwa miaka kadhaa. Naamini huko ndiko mkono wake ulikokomaa, maana tamthilia ya kila wiki haimsubiri mwandishi. Mimi naipenda zaidi tamthilia yake Last Tango in Halifax ya 2012: wazee wawili waliopendana ujanani wanakutana tena kupitia mtandao, kisa alichokichota kwa mama yake mzazi. Anza na hiyo, halafu ndiyo uende kwa Sajini Catherine Cawood, mhusika mkuu wa Happy Valley.