Kisukari na uziwi kwa upande wa mama: pimeni na mkojo

Kwetu Ngamiani, Tanga, uziwi tuliuona kama jambo la ukoo. Bibi mzaa mama alisikia kwa shida, mama akafuata, mjomba naye. Wote watatu wana kisukari, na wote ni wembamba. Watu walisema ni utu uzima, ilhali mama alianza kuongeza sauti ya redio akiwa na miaka 35.

Kaka yangu alipoanza kutoa mkojo wenye povu, tukaambiwa sukari imeharibu figo. Lakini sukari yenyewe ilikuwa na mwaka mmoja tu, na macho yake, ambayo nayo huharibiwa na sukari, yalikuwa mazima. Baadaye daktari wa figo akatuuliza swali ambalo hatujawahi kuulizwa: "Nani mwingine kwenu hasikii vizuri?" Nikamhesabia. Sampuli ikapelekwa nje ya nchi, jibu likarudi: kasoro ya kurithi iitwayo m.3243A>G katika DNA (chembe za urithi) ya mitokondria.

Mitokondria ndizo zinazotengeneza nguvu ndani ya seli. Figo hazilali, zinakula nguvu nyingi. Nguvu ikipungua huumia, kama yanavyoumia masikio na seli za kongosho zinazotoa insulini. Vichujio vya figo hupata makovu, protini inavuja kwenye mkojo. Mama huwarithisha watoto wake wote, wa kike na wa kiume, ila kiwango hutofautiana. Mjomba hawarithishi wanawe. Mama aliposikia hayo alilia kutwa nzima. Nawasihi, msimwachie mzazi mzigo huo wa lawama. Hata yeye alirithishwa.

Basi kama kwenu kisukari na uziwi vinafuatana upande wa mama, mwambieni daktari bila kungoja aulize. Ombeni kipimo cha protini kwenye mkojo na kreatinini (taka inayochujwa na figo) kwenye damu. Na dawa ziangaliwe. Kaka aliondolewa metformini, dawa ya vidonge ya kisukari, maana kwa hali hii inaweza kuzidisha asidi mwilini, akawekwa insulini. Gentamisini, dawa ya kuua bakteria, huumiza masikio na figo kwa pamoja. Diklofenaki, ile tunayoinunua dukani kila kiuno kikiuma, nyumbani kwetu haingii tena. Lakini dawa uliyoandikiwa usiiache mwenyewe, kamuulize aliyekuandikia.

Mimi pia ninayo kasoro hiyo, na kila baada ya miezi sita napima mkojo na presha. Binti wa dada yangu ana miaka 9. Tunampima masikio kila mwaka, na mkojo wake mpaka sasa hauna protini.