Umegonga na bima ilishaisha? Majibu ya wiki hii

Msimu wa korosho ukianza huku kwetu kusini pikapu na bodaboda zinajaa barabarani, na meseji za ajali nazo zinaongezeka. Nimechukua nne.

Nimegonga bodaboda pale Mnazi Mmoja, bima iliisha wiki mbili nyuma. Tumeelewana namlipia matibabu. Bado naweza kufungiwa leseni? (Lindi)

Ndio kaka, unaweza. Kumtibia mwenzio ni uungwana, endelea hivyohivyo na muandikishane kila mtu abaki na nakala, ila hayo ni yenu wawili. Kuendesha bila bima ni kosa lingine, na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inasema ukitiwa hatiani hutakiwi kuwa na leseni kwa miezi 12 tangu siku ya hukumu, labda mahakama ione kuna sababu maalumu.

Hiyo sababu maalumu ndo ipi? Mie nina watoto watatu na gari ndo jembe langu. (Newala)

Hapa ndo watu wanapoumia kila siku, nisikilize vizuri. Sababu maalumu inatakiwa itoke kwenye tukio lenyewe, sio kwenye shida zako. Watoto, mkopo, ada ya shule, hakimu atakuonea huruma kabisa lakini haihesabiki. Inayoweza kuhesabika ni kama ulilipia bima kwa wakala ukapewa stika feki bila kujua na risiti unayo na meseji zake hujafuta, au usiku wa manane ulikuwa unamkimbiza mgonjwa hospitali na usafiri mwingine haupo. Sasa wengi wakiulizwa mahakamani una la kusema wanajibu tu "naomba nisamehewe mheshimiwa", na ile nafasi ndo imepita! Inaniuma sana hii. Sema sababu yako kabla hakimu hajatoa adhabu na uwe na ushahidi mkononi. Na stika yoyote ukiuziwa ihakiki hapohapo kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka inayosimamia bima nchini, unaingiza namba ya gari tu unaona kama bima ipo hai.

Pikapu ni ya bosi, mie dereva tu. Nani anashtakiwa? (Masasi)

Wote wawili mnaweza. Sheria inamgusa anayeendesha na anayeruhusu gari litumike bila bima. Mdogo wangu, kila asubuhi kabla hujawasha angalia bima inaisha lini, bosi akisema twende tu tutakata kesho, shuka.

Nimeshafungiwa. Nikiendesha usiku tu Mtwara mpaka Mikindani kuna shida? (Mtwara)

Usithubutu shemeji. Hilo ni kosa jipya, na ukigonga mtu huko njiani bima hata kama umekata sasa hivi itakukataa kwa sababu dereva hana leseni, utauza shamba la mikorosho kulipa. Mtafutie gari dereva mwenye leseni mlipane kwa siku. Kama unaona hukumu haikuwa sawa muone wakili leo leo, kwa kesi za mahakama ya wilaya notisi ya kukata rufaa ni ndani ya siku 10 tangu hukumu.