Ukuta wa mawe unatoka maji

SWALI: Fundi, shikamoo. Naishi kijijini Oxfordshire, Uingereza, kwenye nyumba ya mawe ambayo wenyeji wanasema imepita miaka 300. Mwaka juzi mwenye nyumba alileta mafundi wakachokonoa viungo vya ukuta wa nje, wakajaza saruji. Tangu hapo ndani kunatoka maji, rangi inabanduka, na mawe ya nje yanamomonyoka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Si saruji ndiyo imara? Halafu, mbona mawe ya paa ni madogo juu na makubwa chini?
Mpangaji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Saruji ni imara, na ndiyo kosa lake hapo. Mimi uashi nilijifunzia Mji Mkongwe, Unguja, kwenye kuta za matumbawe na chokaa, na ugonjwa huo nimeuona sana. Kuta za zamani za huko kwenu kwa kawaida ni tabaka mbili za mawe na kifusi katikati, unene nusu mita na ushei. Maji lazima yataingia. Cha muhimu yapate pa kutokea. Chokaa ni laini kuliko jiwe na hupitisha unyevu, kwa hiyo ukuta hukaukia kwenye viungo. Chokaa ikichoka unaikwangua, unajaza nyingine, jiwe limesalimika. Saruji imeziba njia hiyo. Sasa maji yanakaa ndani ya jiwe, baridi ikija yanaganda na kutanuka, na uso wa jiwe unapasuka.

Kuhusu paa, siku ukiwa na nafasi nenda Kelmscott, karibu na Mto Thames. Kuna nyumba ya mkulima ya mwaka 1600 hivi, ambayo William Morris, yule bingwa wa nakshi, aliikodi mwaka 1871. (Mwaka 1877 akaanzisha chama cha kutetea majengo ya kale dhidi ya mafundi wa kukwanguakwangua. Mafundi wa mwenye nyumba wako wangemjua!) Paa la nyumba hiyo ni la vigae vya mawe ya chokaa, kama lako. Machimboni Stonesfield, kijiji cha huko huko Oxfordshire, walikuwa wanaacha mawe nje majira ya baridi, yakiwa mabichi, bado yana maji ya ardhini, barafu iyapasue vipande vyembamba. Baridi inayokuharibia ukuta ilikuwa kibarua wao wa bure! Kila kigae kilitobolewa tundu, kikaning'inizwa kwa kijiti cha mti. Vikubwa huwekwa chini kwa sababu maji ya paa zima hupitia huko, na kigae kipana kina viungo vichache vya kuvuja. Tena uzito unaegemea ukuta. Vidogo vinapanda juu, hakuna kinachotupwa.

Mwambie mwenye nyumba, kwanza aulize halmashauri kama nyumba imo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Kubadilisha bila kibali ni kosa la jinai. Kisha atafute mwashi wa chokaa, ajaribu kutoa saruji sehemu ndogo kwa patasi na nyundo, asitumie mashine ya kukatia. Saruji ikikataa kutoka bila kung'oa jiwe, aiache ilegee yenyewe. Na wewe ndani usipake tena rangi ya plastiki.