Vimelea, virusi au bakteria wa malaria?

SWALI: Redioni na mitandaoni nasikia "virusi vya malaria", mara "bakteria wa malaria", mara "vimelea vya malaria". Mwalimu wa baiolojia wa binti yangu naye anawaambia wanafunzi waandike "protista". Lipi sahihi? Na je, vimelea "wanaishi" au "vinaishi"?

JIBU: Andika "vimelea vya malaria". Hayo mengine mawili, "virusi" na "bakteria", ni makosa, tena makosa ya maana, kwa kuwa yanataja viumbe wa aina nyingine kabisa. Mwalimu hajakosea. "Kimelea" na "protista" hayapingani: la kwanza linaeleza kiumbe anavyoishi, la pili linaeleza ni wa kundi gani.

Kimelea ni kiumbe anayeishi juu ya mwingine au ndani yake na kujilisha kwake. Mnyoo wa kichocho ni kimelea, na ni mnyama. Kupe na chawa ni vimelea pia. Kwa hiyo ukisema "vimelea" bila kuongeza neno, hujasema bado ni kiumbe gani.

Jina "protista" lilianzishwa na Mjerumani Ernst Haeckel mwaka 1866. Leo hutumika kwa viumbe ambao seli zao zina kiini kilichozungushiwa utando, lakini si wanyama, si mimea, wala si kuvu. Ni jina la waliobaki baada ya wengine kugawanywa, ndiyo maana wataalamu hawalichukulii tena kuwa ukoo mmoja: wako protista walio karibu zaidi na wanyama kinasaba kuliko walivyo karibu na protista wenzao. Amiba wamo, paramesiamu wamo, na diatomu wenye maganda ya silika (madini ya kioo) wamo. Wengi wao hawamdhuru mtu. Matumbawe ya pwani yetu hulishwa sukari na protista wenye klorofili wanaoishi ndani yake. Bahari ikipata joto kupita kiasi, matumbawe huwapoteza wakazi hao na kupauka, kama ilivyotokea mwaka 1998. Kuwaita hao vimelea ni kuwakosea, maana wanawalisha wenyeji wao.

Sasa turudi kwenye malaria. Virusi si seli. Ni vidogo mno, na hadubini ya kawaida ya maabara haivionyeshi virusi kama vya mafua au UKIMWI. Bakteria ni seli, ila haina kiini. Kimelea cha malaria, plasmodiamu, ni seli yenye kiini, na daktari Mfaransa Alphonse Laveran alikiona kwa hadubini kwenye damu ya mgonjwa nchini Algeria mwaka 1880. Hata leo mtaalamu wa maabara akipaka damu kwenye kioo na kuitia rangi ya Giemsa, ndani ya chembe nyekundu huona pete nyembamba ya buluu yenye nukta nyekundu pembeni. Pete ni mwili wa kimelea. Nukta ni kiini chake. Nukta hiyo peke yake inatosha kuliondoa neno "bakteria".

Wapo wanaouliza: mbona doksisaiklini, dawa ya bakteria, hutumika kuzuia malaria? Ndani ya plasmodiamu mna kijisehemu kilichotokana na mwani ambao babu wa kale wa plasmodiamu waliumeza wasiumeng'enye. Mwani huo nao ulikuwa umerithi sehemu hiyo kutoka kwa bakteria. Dawa hushambulia mabaki hayo ya kibakteria. Kimelea chenyewe kinabaki kuwa protista.

Wafugaji ndio wanaoumizwa zaidi na kuchanganya maneno haya. Ndigana kali na ndigana baridi, magonjwa ya ng'ombe, huonekana kwa majina kama ugonjwa mmoja wenye viwango viwili, na yote huenezwa na kupe. Lakini ndigana kali husababishwa na protista, Theileria parva, na ndigana baridi husababishwa na bakteria, Anaplasma marginale. Sindano ya oksitetrasaiklini hutibu ndigana baridi. Ng'ombe aliyekwisha kuvimba matezi kwa ndigana kali haimwokoi; huyo anahitaji buparvakwoni, na mapema. Kijarida kinachosema tu "bakteria wa ndigana" kinampeleka mfugaji kwenye dawa isiyofaa. Taja ni ndigana ipi, kisha taja kiumbe chake.

Upatanisho wa kisarufi una vurugu yake. "Kirusi/virusi" ni ki-vi: kirusi hiki, virusi hivi (Kirusi chenye herufi kubwa ni lugha ya Warusi). "Bakteria", "protista" na "amiba" hazibadiliki katika wingi, nazo huchukua a-wa: amiba huyu anajongea, bakteria hawa wanazaliana. Ugumu uko kwenye "kimelea". Sarufi sanifu huwapa wanyama a-wa hata jina likianza na ki-, ndipo tunasema "kiboko amelala". Kwa hiyo anayeandika "vimelea wanaishi" ana hoja. Hata hivyo napendekeza ki-vi, kwa kuwa "vimelea vya malaria" imezoeleka kila mahali, na ukishaandika "vya" kitenzi kifuate "vi-". Kosa la kweli ni kuchanganya katika sentensi moja: "Vimelea vya malaria wanaingia kwenye ini." Andika: "Vimelea vya malaria vinaingia kwenye ini kwanza, kisha vinashambulia chembe nyekundu za damu." Au tumia "hu-", ambayo haibebi ngeli na inafaa sana kwa mambo ya kisayansi yanayotokea kila mara: "Vimelea vya malaria huingia kwenye ini kwanza."