Uzazi na saratani ya limfoma: majibu ya maswali yenu

Nina miaka 41, sijajaliwa mtoto. Wifi yangu anasema wasiozaa ndio wanaopata saratani ya tezi. Ni kweli?

Si kweli, dada yangu. Nahisi wifi anachanganya na saratani ya matiti. Hiyo ndiyo ambayo kuzaa na kunyonyesha hupunguza uwezekano wa kuipata. Limfoma, ndiyo hiyo mnayoiita saratani ya tezi, huanzia kwenye limfosaiti, chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili. Kwa kuwa huwapata wanaume zaidi, watafiti walijiuliza kama homoni za ujauzito zinatukinga. Baadhi ya tafiti zikakuta waliozaa mara nyingi wana hatari ndogo kidogo, nyingine hazikuona tofauti yoyote. Hatari zinazojulikana vizuri ni nyingine: virusi vya ukimwi, dawa za kushusha kinga wanazotumia waliopandikizwa figo, na magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe. Asikutwishe mtu lawama kwa kutozaa.

Mimba zangu mbili ziliharibika. Je, niko hatarini?

Pole sana. Kuharibika kwa mimba hakujathibitishwa kuwa chanzo cha limfoma.

Nimemeza vidonge vya uzazi wa mpango miaka mingi. Niache?

Usiache kwa hofu hiyo. Havijathibitishwa kuleta limfoma.

Nina miaka 52, hedhi imekoma, usiku natoka jasho. Nitajuaje kama si limfoma?

Swali hili ndilo ningependa kila mama alisome. Joto la ukomo wa hedhi huja ghafla, hata mchana, uso na kifua vikawaka, kisha likatulia baada ya dakika chache. Jasho la limfoma hulowesha nguo na shuka mpaka uamke kubadilisha. Lakini ukomo wa hedhi nao huweza kulowesha, kwa hiyo angalia jasho linaandamana na nini: homa isiyoeleweka, kupungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi 6, au uvimbe. Pitisha vidole shingoni, juu ya mtulinga, kwapani na kwenye kinena. Uvimbe wa limfoma kwa kawaida hauumi, ndiyo maana watu huupuuza. Ukiukuta juu ya mtulinga, nenda hospitali mara moja. Kwingine, usiuache upite wiki chache. Ukipewa antibiotiki na uvimbe ukabaki palepale, rudi, uulizie kukatwa tezi ikapimwe maabara. Sindano nyembamba ya kuchota chembe kwenye uvimbe peke yake mara nyingi haitoshi kutambua aina ya limfoma.

Mdogo wangu wa kike amepona limfoma ya Hodgkin, aina mojawapo ya limfoma. Ataweza kuzaa?

Wengi huzaa. Baadhi ya dawa, kama saiklofosfamaidi, hudhuru mayai ya uzazi, hivyo apimwe mapema na daktari wa wanawake. Mara nyingi hushauriwa kusubiri kama miaka 2, kwa sababu ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya kipindi hicho. Akishika mimba, aeleze kliniki alitumia dawa gani na kama kifua kilipigwa mionzi, ili moyo wake nao uchunguzwe.