Jibu: Vitunguu vya mapambo vimetoa majani tu, maua hakuna

Habari ndugu. Umesema aliumu zako, zile za ua la zambarau la duara kama mpira, zimetoa majani misimu miwili hapo Dodoma bila ua, na kimoja kimeoza. Pole sana.

Kabla ya kununua mbolea, angalia kwanza: vilipata baridi? Asili yake ni Asia ya Kati, kwenye majira ya baridi kali. Vinataka wiki 10 hadi 12 za nyuzi 5 hivi, na usiku wetu wa Julai haufiki huko. Mimi huviweka kwenye friji kuanzia Machi, ndani ya mfuko wa karatasi, navipanda Juni. Usivichanganye na matunda! Mara ya kwanza niliviweka pamoja na maparachichi. Nilipopasua kimoja, kichipukizi cha ua kilikuwa cheusi, kimesinyaa kama uzi. Gesi ya matunda yanayoiva ndiyo inayokiua.

Kuoza ni maji. Bonyeza kitako, kikiwa laini, kitupe. Changanya changarawe kwenye udongo, na majani yakianza kugeuka njano acha kumwagilia kabisa.

Hata hivyo, kati ya vitunguu 9 nilipata maua 3, tena vikonyo vifupi. Kama shida yako ni maua tu, tafuta tulbagia ya Afrika Kusini. Ni ndugu yake, inanuka saumu, haihitaji friji. Yangu iko ukutani panapopigwa jua la alasiri na inachanua vizuri.